Ukuta wa Mawe Unapolia: Kusoma Dalili za Majengo ya Zamani ya Serikali Jijini Nairobi

Simu zangu huanza kulia katikati ya Aprili, hutulia Juni, kisha hurudi Novemba pamoja na mvua za vuli. Anayepiga kwa kawaida ni karani aliyekabidhiwa "mambo ya jengo" juu ya kazi zake nyingine zote, na maneno yake hayabadiliki sana: "Injinia, ule ukuta unalia tena. Plasta tuliyopiga mwaka jana imeshuka yote. Tununue mifuko mingapi ya simiti?"

Usinunue hata mmoja. Kwenye majengo ya mawe ya zamani saruji huandikiwa kila mgonjwa, na mara nyingi ndiyo inayoleta ugonjwa wa pili. Hapa chini nimezipanga dalili jinsi watu wanavyozieleza kwenye simu. Tafuta yako, soma chanzo chake, ndipo ushike mwiko.

Kwanza, una jengo la aina gani?

Nasema juu ya majengo ya umri wa ile afisi ya zamani ya Mkuu wa Mkoa kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, iliyojengwa 1913, Kipande House ya mwaka huo huo, jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue lililoanza kama benki mwaka 1906, na Maktaba ya McMillan ya 1931. Nayataja ili upate picha ya aina ya jengo, sisemi yanaumwa. Wagonjwa wangu wengi ni ndugu zao wadogo wasiojulikana: afisi za orofa moja au mbili, stoo za faili, nyumba za maafisa zilizogeuzwa idara.

Mawe yake ni ya hapa hapa, ya volkano, mengi ya kijivu, laini kiasi cha kuchongeka kwa tindo, yenye vitundu vidogo vinavyonywa maji na kuyatema. Ukuta mnene wa aina hii mara nyingi huwa na ngozi mbili za mawe yaliyochongwa, na katikati umejazwa vifusi vya mawe na chokaa. Mara nyingi hauna utando wa kuzuia maji msingini kama nyumba za leo. Unachotegemea ni unene na pumzi: mvua hulowesha sentimita chache za nje, jua la alasiri likazikausha, na wa ndani hajui kilichopita.

Kujua kama umeungwa kwa chokaa au saruji, chukua ufunguo ukwaruze kati ya mawe mahali pasipoonekana. Chokaa hutoka kama unga wa rangi ya krimu, mara nyingi ikiwa na vidonge vyeupe kama punje za mchele. Saruji hukwaruza ufunguo wako. Fanya hivyo sehemu nne au tano, kwa sababu jengo la miaka 100 limepitia mikono mingi.

Jambo moja la karatasi kabla ya nyundo: kama jengo limetangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa la urithi, linalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na huruhusiwi kulibadilisha bila Makumbusho ya Kitaifa kujua. Waulize mapema. Nimeona kazi nzuri ikisimamishwa jukwaa likiwa tayari limepandishwa, na kodi ya jukwaa haisimami.

"Chini ya ukuta ni mbichi, rangi inafura, kuna unga mweupe"

Hii ndiyo simu ya kila wiki. Kabla ya kulaumu maji yanayopanda kutoka ardhini, panda juu wewe. Gata imejaa maua ya jakaranda, au bomba la kushushia maji limepasuka upande wa nyuma, pale linapougusa ukuta na hakuna jicho linalofika. Pitisha kiganja nyuma ya bomba. Kikirudi na kutu au ukoga, umempata mwizi wako wa kwanza.

Halafu njoo mvua ikinyesha. Vaa gambuti, shika mwavuli, simama nje dakika 10. Utajifunza mengi kuliko kwenye ripoti yoyote niliyowahi kuandika, na nimeandika nyingi.

Tazama umbo la doa. Likishuka kutoka juu kama ulimi, ni gata au bomba. Likiwa mkanda wa usawa unaoishia mita moja hivi kutoka sakafuni, moja na nusu ukizidi sana, maji yanapanda kutoka ardhini. Likiwa ni mabaka ya ukungu kwenye kona, nyuma ya kabati za faili ambazo hazijasogezwa tangu serikali ya awamu nyingine, huenda ni hewa tu: pumzi za watu, birika la chai, na madirisha yaliyopigwa misumari kwa sababu za usalama. Kuhakikisha, bandika kipande cha foili ya jikoni ukutani, kingo zote zikazwe kwa tepu, ukiache siku mbili. Umande ukikaa upande wa chumba, fungua madirisha na usogeze kabati. Ukikaa upande wa ukuta, maji yamo ndani ya jiwe.

Na yakiwa ndani ya jiwe, toka nje utazame miguu ya ukuta. Ugonjwa wa Nairobi hapa una jina: kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Kila barabara au maegesho yakikarabatiwa, tabaka jipya hulazwa juu ya la zamani, na jengo linazama bila kusogea. Kuna jengo moja la serikali katikati ya mji, sitalitaja, ambalo nje lilikuwa na kabro mpya maridadi, nyekundu kwa kijivu, zimebana ukuta kama soksi. Ndani, sakafu ya mbao ilikuwa inabonyea ukikanyaga, kama godoro. Tuling'oa kabro kama 12 kando ya ukuta, tukachimba kwa mkono. Sentimita 30 chini tukagonga chuma: tundu la hewa la chuma cha kusubu, bado na rangi yake ya kijani, limejaa mchanga wa kabro hadi kooni. Upande ule peke yake yalikuwa saba, yote yamezikwa. Fundi niliyekuwa naye, mzee wa Kangundo ambaye haongei sana, aliinama akachungulia, akasema, "Nyumba imezibwa pua hii."

Matibabu yake hayahitaji dawa ya dukani. Ardhi ya nje ishushwe ikae sentimita 15 au zaidi chini ya sakafu ya ndani, na matundu ya hewa yafunguliwe. Kando ya ukuta chimba mtaro mwembamba, uujaze kokoto zisizo na vumbi, uweke bomba lenye matundu la kupeleka maji mbali. Kisha toa plasta ya saruji ya ndani yote, mita moja au zaidi juu ya doa, uuache ukuta ukiwa uchi. Hapo ndipo mabosi hukasirika, kwa maana ukuta mnene hukauka polepole, miezi mingi, wakati mwingine misimu miwili. Wanataka rangi kabla ya mgeni rasmi kufika. Wape kitambaa cha kutundika.

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yakitembea ndani ya jiwe hubeba chumvi za ardhini, na yakifika juu hukauka na kuziacha. Zikikaa usoni ni aibu tu. Zikikauka milimita chache ndani, fuwele zake hukua na kusukuma, na uso wa jiwe unang'oka kutoka nyuma. Saruji nayo huleta chumvi zake. Halafu kuna chanzo ambacho hakiandikwi kwenye ripoti: kila ukuta wa pembeni mjini wenye maandishi "USIKOJOE HAPA" umekojolewa kwa miongo, na maandishi yanathibitisha. Taa na geti vimesaidia majengo yangu mawili kuliko chokaa yoyote.

Usiuoshe unga huo kwa maji. Unayeyuka, unanyweka, unarudi ndani kusubiri kiangazi. Ufagie kwa brashi laini ukiwa mkavu, uukusanye kwenye gazeti, uutupe mbali na ukuta. Kama chumvi ni nyingi, kanda karatasi zilizolowekwa maji safi, au udongo wa mfinyanzi, ubandike kama dawa ya jipu, uache ikauke polepole, ubandue. Rudia. Kila mara bandiko litatoka na chumvi kidogo zaidi.

"Uso wa jiwe unabanduka kama maganda ya kitunguu"

Angalia viungio kwanza. Kama vimepigwa kii ya saruji, ile mistari iliyoinuka, imenyooka, wakati mwingine imepakwa hata rangi nyeusi, umeshapata jibu.

Nilishika ncha ya kii kama hiyo kwa vidole viwili, nikavuta. Ukatoka mkanda wa urefu wa mkono, mzima, mgumu kama fito, na mgongoni umeng'ang'ania ngozi ya jiwe yenye unene wa ukucha. Pale ulipotoka, jiwe lilikuwa na ubichi, likipukutika kwa kidole kama mkate wa juzi. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Maji yaliyomo ukutani hutafuta mlango rahisi. Ukuta ulipojengwa, mlango ulikuwa chokaa: laini, yenye pumzi, inayochakaa kwanza na kubadilishwa kwa bei ya karai chache. Ukiupiga saruji, mlango umefungwa. Maji yanatokea kwenye jiwe lenyewe, na chumvi inabaki humo. Tena ukuta ukipata joto na kupoa, saruji haikubali kusogea, na kati ya hao wawili jiwe laini ndilo linalovunjika. Kiungio ni cha kufa ili jiwe liishi.

Kutoa kii ya zamani ni kazi ya tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grainda ni ya haraka, ndiyo, na kila mara huacha alama ya msumeno kwenye mawe mawili, juu na chini, na kiungio kilichokuwa milimita 8 kinakuwa 14. Pale saruji imeshika hata jiwe linataka kutoka nayo, iache. Itajilegeza yenyewe mwaka mwingine.

Chimba kiungio kwa kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Toa vumbi, nyunyiza maji hadi jiwe liache kunywa kwa pupa, kisha shindilia chokaa kwa tabaka, ukiibana. Kipimo cha kuanzia ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wenye punje kubwa na ndogo, uliooshwa. Umalizie chokaa ikae nyuma kidogo ya kingo za jiwe, usiipake usoni, na ikianza kukaza uigonge kwa ncha za brashi ngumu.

Sasa chokaa yenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi za Nairobi hufia. Ukienda duka la pembejeo ukasema "chokaa" utapewa chokaa ya shamba. Hiyo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halijapita motoni, na halitashika hata ulisomee dua. Unayoitaka imechomwa kwenye tanuri la nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa ikatoka, kisha ikazimwa kwa maji. Ukutani huirudisha hewa hiyo taratibu na kugeuka jiwe tena. Kama unazima chokaa ya moto mwenyewe, vaa miwani na glovu, na mimina chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na jicho moja haliuzwi. Mafundi wa Lamu na Mombasa wanaijua kazi hii tangu kwa babu zao waliochoma matumbawe. Kama bajeti inaruhusu, mlete mmoja wiki mbili akae na vijana wako.

Chokaa yako mpya ikipasuka nyufa za nywele, ilikauka haraka au umezidisha chokaa. Ikiwa unga hata baada ya mwezi, ilikosa maji kabla ya kushika. Jua la Januari katika mwinuko huu wa mita 1,700 hivi halina huruma. Ikianguka kama ganda zima, ulipiga juu ya jiwe kavu. Kwa hiyo lowesha jiwe kabla ya kupiga, na dawa ya kukauka haraka ni magunia ya katani, yaloweshwe asubuhi na jioni, siku 7 kwa uchache. Nimemlipa kijana kwa kazi hiyo pekee, mhasibu akaniuliza anafanya nini. Anamwagilia ukuta, nikamwambia. Hakucheka.

"Kuna ufa"

Methali yetu ya usipoziba ufa imewaponza wengi katika kazi hii. Kwenye kuta hizi, mwenye kukimbilia kuziba ndiye anayekuja kujenga ukuta. Ufa ni mahali ambapo jengo limeamua kujiwekea kiungio. Ukikijaza saruji wakati bado linasogea, litafungua kingine pembeni, na hicho kitapita katikati ya jiwe.

Usome kwanza. Chungulia ndani kwa tochi: ukikuta vumbi, utando wa buibui na tabaka tatu za rangi, ni mzee na huenda amelala. Kingo safi, kali, za rangi ya jiwe jipya ni za juzi. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungio, mpana juu na mwembamba chini, unakuambia mwisho mmoja wa ukuta unazama. Mpana chini na mwembamba juu, katikati ndipo panazama. Wa wima, upana ule ule juu hadi chini, pale nyongeza ya miaka ya baadaye ilipoungana na jengo la kwanza, mara nyingi ni majengo mawili yanayokataa kuwa moja. Ukubali, uweke kiungio laini. Wa mlalo chini tu ya paa, panda darini: kenchi zimelegea miguu na zinausukuma ukuta nje.

Kisha upime, kwa msimu mzima. Paka kidonge chembamba cha plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka, bado unasogea. Ukitaka kujua kiasi gani, piga misumari miwili midogo ya shaba, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kwa kalipa mara moja kwa mwezi, miezi 12. Wahandisi huhesabu ufa wa chini ya milimita 1 kuwa jambo la fundi wa rangi tu, hadi 5 kuwa mdogo, na kuanzia 15 kuwa mzito. Ukipita 25 usiwe unasoma mwongozo, mwite mhandisi wa miundo leo.

Mwaka mzima ni wa nini? Ni kwa sababu ya udongo. Sehemu kubwa ya mji huu, upande wa mashariki na kusini hasa, imekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, ule unaovimba ukilowa na kupasuka kama ngozi ya kisigino ukikauka. Jengo lenye msingi usiofika chini ya udongo huo linapumua nao. Ufa wake hufunguka Februari hadi mwanzo wa Machi na kujifunga Mei. Kipimo kikikuonyesha mwendo huo wa kwenda na kurudi, shida ni maji kutolingana kuzunguka jengo: upande mmoja unamwagiliwa maua, mwingine una mkaratusi unaonyonya usiku na mchana. Sawazisha maji. Mti usiukate kwa siku moja, udongo uliouzoea ukavu utavimba na kuinua kona. Upogoe kwa awamu. Lakini kipimo kikifunguka tu, mwezi baada ya mwezi, bila kurudi, tafuta bomba. Maji taka yanayovuja chini hubeba udongo punje kwa punje. Mimina rangi ya chakula chooni, uangalie inatokea wapi, au haitokei kabisa.

Chanzo kingine kiko juu ya vichwa vyetu. Mgao wa maji umezifanya idara zote ziweke matangi, na jengo lililochorwa kubeba paa la vigae limebebeshwa tangi la lita 10,000, yaani tani 10, juu ya boriti za mbao. Humo humo chini yake, chumba kilichokuwa cha kulala cha afisa kimekuwa masjala, na mita moja ya faili zilizobanana ina kilo 40 hivi. Zidisha kwa rafu saba, kwa kuta nne. Ufa ukianzia chini ya ncha ya boriti na kushuka, hamisha tangi na faili chini kabla ya kuita mtu yeyote. Ni tiba pekee katika mwongozo huu isiyo na zabuni.

Ufa ukishalala, ndipo uzibwe: chokaa ndani ya kiungio, na pale mawe yenyewe yamekatika, shonea kwa nondo nyembamba za chuma kisichopata kutu zilizolazwa kwenye viungio vya mlalo, kila tabaka kadhaa, zikipita nusu mita kila upande wa ufa.

"Jiwe limelipuka juu ya dirisha, kuna doa la kutu"

Ndani mna chuma. Waashi wa zamani walifunga mawe ya juu kwa vibanio, na miaka ya baadaye wakaweka linta za chuma, zile boriti za juu ya madirisha na milango. Kutu inahitaji nafasi mara kadhaa ya ile ya chuma kilicholiwa, na haina pa kwenda ila kulisukuma jiwe. Kubandika jiwe lililotoka kwa gundi ni kufunga bandeji juu ya msumari. Lazima uitegemeze sehemu ya juu, ukifunue chuma chote, ukisugue hadi king'ae, ukipake rangi ya kuzuia kutu kama bado kina unene, au ukibadilishe kwa chuma kisichopata kutu. Tazama pia milingoti ya bendera, mabano ya viyoyozi na kamera. Kila skrubu iliyopigwa kwenye jiwe ni linta changa.

"Mti umeota juu ya ukuta"

Ni mugumo au ndugu yake, umeletwa na ndege. Usiuvute. Mizizi imeingia kwenye viungio na itatoka na mawe. Kata shina, paka dawa ya magugu kwenye kidonda hicho hicho papo hapo, subiri ufe kabisa, kisha fungua tabaka za juu uzijenge upya. Na safisha gata, maana hapo ndipo ulipokuwa unanywa.

"Mawe yamekuwa meusi, tunataka yang'ae kabla ya sherehe"

Moshi wa matatu wa miaka 60 umekaa pale, na unaweza kukaa wiki nyingine. Kupuliza mchanga kwa mashine ni kulichuna jiwe. Utapata rangi mpya na vitundu vyote wazi kwa mvua ijayo. Wayabrashi nayo huacha nyuzi za chuma zinazogeuka madoa ya kutu. Tumia maji kidogo, brashi ya nyuzi laini, kutoka juu kushuka, na ujaribu kwanza mahali palipojificha, mraba wa sentimita 50, uache mwezi. Kama kuna rangi ya plastiki juu ya jiwe, iondoe kwa dawa ya kulainisha rangi, ile inayopakwa kama bandiko. Mimi kwa kawaida huacha kaweusi kidogo. Jengo la 1913 halina sababu ya kufanana na benki ya jana.

"Ukuta umetoa tumbo"

Hapa siwezi kukufundisha kwa maandishi zaidi ya hatua za kwanza. Ngozi ya nje imeachana na vifusi vya katikati, kwa kawaida baada ya maji kuingia kutoka juu kwa miaka na kuosha chokaa ya ndani. Gonga kwa mpini wa nyundo: palipo pazima hulia kavu, palipoachana hulia kama debe. Zungusha chaki. Shusha timazi kutoka juu, pima pengo kila nusu mita, andika.

Kama kipimo kimeongezeka ndani ya wiki, au milango iliyofunguka jana leo imekwama, au kuna vumbi jipya sakafuni kila asubuhi, toa watu na ufunge njia ya miguu ya upande huo. Usijiambie limesimama miaka 100. Jumba la Beit al-Ajaib kule Zanzibar lilikuwa limesimama tangu 1883, na sehemu yake kubwa ilianguka 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, ikaua watu wawili. Ukarabati wenyewe ni wakati wa hatari: unatoa, unatikisa, unapandisha uzito kwenye majukwaa. Ndiyo maana viegemeo husimikwa kabla ya jiwe la kwanza kuguswa, vikikaa juu ya mbao pana, si juu ya kabro.

Baada ya mhandisi kukubali, ngozi hushonwa kwa vyuma vinavyopita ukuta mzima, kisha chokaa ya maji hujazwa ndani kupitia matundu madogo. Anza na safu ya chini kabisa. Osha ndani kwa maji kwanza, jaza kwa uzito wake tu bila pampu kali, na usipande zaidi ya mita moja kwa siku, kwa sababu chokaa ya maji ina uzito na yenyewe inaweza kulisukuma lile tumbo nje. Ukiiona inachungulia tundu la jirani, lizibe kwa kitambaa, uhamie hilo jingine, na mwache mtu mmoja pale chini asifanye kazi nyingine yoyote ila kutazama timazi.